Jenereta ya Bartholomeo

Jumapili, 16 Novemba 1997

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Siku tuliyoletewa habari ya Herman sikulia. Wanawake walijaa uani kwetu Nyahanga, Mama akawa ameshikwa huku na huku, na mimi nikachukua ndoo nikasema naenda bombani. Sikwenda bombani. Nilikwenda nyuma ya ghala la pamba la Mzee Mansukhlal, nikaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa mabati, nikanguruma. Haikuwa kulia wala kupiga kelele. Sauti ilitoka chini ya tumbo, nene, sikuijua, na mabati yakawa yanatetemeka kwenye ngozi yangu. Pumzi ilipoisha nikavuta nyingine, nikanguruma tena. Halafu nikachota maji, nikarudi kuwapikia waombolezaji chai.

Mimi ndiye yule ambaye mwalimu wa historia humwambia kila kipindi, "Melania, paza sauti, hapa si kwenye kitubio." Darasa zima hucheka. Sina sauti. Watu wote wanajua sina sauti.

Herman ni kaka yangu. Alikuwa akichimba kwenye duara la chini la Mzee Bartholomeo. Kwingine ukisema duara watu watafikiria somo la hesabu. Huku ni shimo la dhahabu. Mvua kubwa ya kwanza iliwakuta ndani, yeye na wenzake wawili, na mpaka leo wako humo humo chini ya maji. Tumekaa matanga bila maiti.

Mzee Bartholomeo alikuja na pikapu yake. Alisimama uani, kofia mkononi, akasema vijana walishuka wakiwa wamelewa, yeye aliwakataza. Kisha akasema ada yangu ya kidato cha nne ni juu yake, mpaka mtihani wa mwisho. Watu wakaguna kwa kumsifu. Mama akapiga goti, akashukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, baba. Wabeja sana."

Herman alikuwa na vidonda vya tumbo. Hata chai ya rangi alikuwa anaiogopa. Nani alishuka amelewa?

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Barabara ya kwenda shule imekuwa mto. Mtihani wa kemia, nadhani nimefanya vizuri. Nimechukia kufanya vizuri.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Redioni wanaiita Elinino, kama jina la mjomba wa mtu. Mama amerudi machimboni kupika. Anawapikia wachimbaji wa Mzee Bartholomeo, kwenye kibanda cha Mzee Bartholomeo, kwa ruhusa ya Mzee Bartholomeo.

Jumamosi, 22 Novemba

Leo nimefumaniwa.

Nilirudi kule nyuma ya ghala. Nilikuwa nimevumilia wiki nzima watu wakiniambia ni kazi ya Mungu, na leo katekista naye akasema hivyo hivyo, basi nikaenda. Nilinguruma mara mbili. Ya tatu sikuimaliza, kwa sababu mlango wa ghala ulifunguka, akatoka kijana mrefu ameshika jiwe. Nyuma yake alikuwa Pritesh, mjukuu wa Mzee Mansukhlal, yule anayeuza misumari na mabati dukani, gitaa likiwa limemning'inia shingoni.

"Iko wapi?" akauliza mwenye jiwe.

"Nini?" nikasema.

"Fisi."

Pritesh akaniangalia, akaangalia alama ya kutu kwenye paji la uso wangu. "Boaz, weka jiwe chini. Fisi ndiye huyu."

Boaz akacheka mpaka akakaa kwenye matope. "Huyu? Huyu si yule dada yake Herman? Huyu akija kununua chumvi mpaka muuzaji azime redio ndio amsikie."

Nilitaka kukimbia. Pritesh akasema, taratibu kabisa, "Dada, fanya tena. Tafadhali. Sisi tumetafuta sauti hiyo tangu mwaka jana, Boaz alipojaribu akatapika."

Wakaniingiza ndani. Kuna ngoma za Boaz, nyingine za dukani na nyingine amezitengeneza kwa mapipa. Kwao ni wacheza ngoma za mashindano, zile za makundi mawili kupiga uwanja mmoja kwa wakati mmoja, watazamaji wakihamia kwa anayewashinda. Kuna spika moja iliyochanika. Pritesh akaweka kanda aliyotumiwa na binamu yake wa Leicester. Nilisikia kitu kama mashine ya kusaga mawe, na juu yake mtu ananguruma kama mimi. Kama mimi hasa.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Nani ajue. Mwaka wa pili huu nasikiliza."

"Babu yake anauita muziki wa karasha," Boaz akasema. "Anasema kama ni kusaga mawe si twende machimboni tukalipwe."

Wameliita kundi lao Karasha. Nimefanya tena, mbele yao, nimefumba macho. Nilipofumbua hakuna aliyecheka. Pritesh alikuwa anaangalia spika kama mtu anayehofia itaungua.

Kitu kimoja nimekipenda kuliko vyote: hakuna anayesikia maneno. Unaweza kusema lolote.

Jumanne, 25 Novemba

Mazoezi. Nyumbani nimesema ni tuisheni.

Ijumaa, 5 Desemba

Shule imefungwa. Mvua. Mama kasema likizo hii nimsaidie machimboni.

Jumatano, 10 Desemba

Nimemenya ndizi na viazi tangu alfajiri. Wachimbaji wananiita "shemeji" na "msomi" na kuniuliza dhahabu kwa Kizungu inaitwaje, kisha hawangoji jibu. Mzee Bartholomeo alipita, akaniuliza kama nina viatu vya shule. Nikasema ninavyo. Akasema niangalie kama vinapitisha maji. Ana sauti nzuri, ya baba. Angekuwa mtu anayefoka ingekuwa rahisi kwangu.

Duara la chini limewekewa matawi ya miiba pembeni ili ng'ombe wasitumbukie. Maji yake ni ya rangi ya maziwa ya chai. Duara la juu linafanya kazi. Pampu inavuta maji mchana kutwa, jenereta inanguruma kando yake.

Jumapili, 14 Desemba

Nitaandika yote.

Kuna mzee mmoja machimboni anaitwa Mageni. Kazi yake ni kamba: anateremsha watu na kupandisha mawe. Hula wa mwisho, wenzake wakishaondoka. Leo alimaliza kula, akabaki ameshika sahani.

"Wewe ni wa tumbo moja na Herman?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba." Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. "Alikuwa ananiita babu, mshenzi yule. Mimi nina miaka hamsini tu." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Hakulewa, mwanangu."

Nikasema najua.

"Hujui. Sikiliza." Akasema jioni ile mvua ilianza wakiwa ndani. Pampu ilikuwa kwenye duara la chini, inavuta vizuri, maji yakiwa ya vifundoni. Lakini kule duara la juu walikuwa wamefikia mwamba wenye dhahabu asubuhi ile ile, na maji yalianza kuufunika. Mzee Bartholomeo akaja na pikapu. Akaamuru jenereta na pampu vipakiwe, vihamie juu. Mageni alimwambia kuna watu chini. Akajibiwa, "Wapandishe." Akatupa kamba. Kamba ikarudi tupu, kwa sababu ukuta wa kati ulikuwa umemomonyoka na njia imeziba. Udongo ule ungezibuliwa, ni kazi ya saa chache, kama maji yangeendelea kuvutwa. Mageni akapanda mbio mpaka duara la juu kuomba pampu irudi. Akaambiwa wamalize kwanza.

"Walikuwa wanagonga bomba la hewa," akasema. "Mara tatu, wananyamaza. Mara tatu, wananyamaza. Sisi wote tumesikia. Wote hawa unaowapakulia ugali wamesikia. Mpaka alfajiri."

"Kwa nini hamkusema?"

Akaniangalia kama mtu niliyemuuliza kwa nini anakula. Kisha akaiosha sahani yake mwenyewe, akaiweka juu ya nyingine, akaondoka.

Nimeandika mpaka mkono unauma. Wote wamesikia. Wote wananiita shemeji.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimewapakulia. Sikumwangalia hata mmoja usoni.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua. Mzee Bartholomeo ametuletea mchele na jogoo. Mama kapika. Sikula. Mama kasema najifanya mtakatifu.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimetunga wimbo. Nimemwambia Boaz uanze kwa mapigo matatu kwenye bomba la chuma, kisha kimya, mara tatu. Kisha ngoma zote na gitaa kwa pamoja.

"Mbona tatu?" akauliza.

"Ndivyo ulivyo."

"Haya, mama mwenye nyumba."

Maneno ni haya:

Bartholomeo, rudisha jenereta,
maji yamefika kiunoni.
Bartholomeo, rudisha jenereta,
maji yamefika kifuani.
Bartholomeo, tunagonga.

Nimeyaimba karibu nao kabisa, na hawakupata neno ila lile jina. "Unamwimba tajiri?" Pritesh akashangaa. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Mwezi wa Ramadhani, mjini kimya, ukumbi wa dansi wa Mzee Mansukhlal umefungwa. Pritesh amempigia babu yake magoti turuhusiwe kupiga humo usiku mmoja, wiki ya Idd. Mzee amekubali kwa sharti kwamba kiti kikivunjika kinakatwa kwenye mshahara wa Pritesh.

Jumapili, 11 Januari

Mama alijua.

Leo jioni Mzee Bartholomeo alileta ada. Shule inafunguliwa kesho. Aliiweka mezani ndani ya bahasha, akakataa chai, akatoka. Mama alimsindikiza mpaka kwenye gari akiwa ameinama, "Shikamoo baba, asante baba." Aliporudi nikamwambia sitaichukua. Akauliza nina wazimu. Nikamwambia habari ya pampu, yote, kwa mfululizo, kwa sauti yangu hii ndogo, na katikati nikaona hashangai. Alikuwa anafuta meza. Alifuta mahali pamoja tu.

"Nani amekwambia? Mageni?"

"Mama, ulijua?"

"Mageni alinijia siku ya pili ya matanga."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia amemuuza. Nilimwambia kila mtu anamwita Mama Herman na yeye anaitika, anaitikaje? Alipiga meza kwa kiganja mpaka bahasha ikaruka.

"Niseme, halafu? Polisi watakwenda kwa gari la nani? Mafuta atatia nani? Baba yako yuko Buseresere na mke wake mpya, hata kwenye matanga hakuja. Herman ameshakufa, Melania. Ningesema, angekuwa amekufa, na wewe ungekuwa unamenya viazi machimboni mpaka mchimbaji mmoja akupe mimba. Nilikaa usiku kucha nikapima. Nina watoto wawili. Mmoja yuko chini ya maji na mmoja anataka kusoma. Nikamchagua anayepumua." Akakaa. "Unadhani mimi sisikii wakigonga?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Nilikuwa namchukia. Nimerudi ndani nimelowa, na bado namchukia, lakini siwezi tena kumchukia peke yake. Bahasha ile ni yangu. Tangu Novemba nimeahidiwa shule kwa bei ya maiti ya kaka yangu, na kuanzia kesho nitasoma nikijua.

Nimeichukua.

Jumatatu, 12 Januari

Nimelipa. Mhasibu amenipa risiti. Kidato cha nne, mkondo A. "Melania, paza sauti."

Jumatano, 14 Januari

Mvua. Muhula wa pili wa ada ni Julai. Nimejikuta napiga hesabu ya kunyamaza mpaka Julai, halafu mpaka Novemba. Mama alipima usiku mmoja. Mimi napima kila siku.

Jumamosi, 24 Januari

Nguzo za umeme zimeanguka kwa mvua, mji mzima gizani. Pritesh alikuja akitabasamu. Amepata jenereta.

"Ya nani?"

"Ya Mzee Bartholomeo. Bure kabisa. Maduara yote yamejaa, wiki ya Idd hawafanyi kazi. Ataileta mwenyewe kwenye pikapu. Ametaka kitu kimoja tu: awe mgeni rasmi."

Boaz akacheka. "Karasha ina mgeni rasmi? Atafungua nini, utepe?"

"Nitamwekea meza mbele, kitambaa cheupe, maua. Si ndivyo wanavyofanya bendi zote? Wanataja jina la tajiri kwenye wimbo, tajiri anainuka, anakuja kumbandika mwimbaji noti usoni, kila mtu anafurahi. Na sisi tayari tuna wimbo wake." Alinigeukia. "Dada una akili wewe. Kumbe uliliona hili mapema."

Nikasema hapana. Nikasema siimbi. Pritesh akakasirika, akasema ameuza tiketi kwa mkono wake kila duka la Kahama, na babu yake hatampa siku nyingine maishani. Nikaondoka. Njiani nilikuwa na hasira, na sijui ilikuwa kwa nani. Jenereta ile ile. Itaniwashia taa.

Ijumaa, 30 Januari

Nimemwambia Pritesh nitaimba. Sikumwambia zaidi.

Jumapili, 1 Februari, asubuhi

Nataka niandike kwa utaratibu kabla sijalala.

Ukumbi ulijaa. Wachimbaji walikuja na tochi zao za kichwani, kwa sababu mji hauna taa. Wasichana walikuja na nguo za Idd. Mama alikuwa nje kwenye baraza na ndoo ya maandazi; alidhani atauza, hakujua ni mimi ninayeimba. Mzee Mansukhlal alisimama mlangoni akihesabu viti. Uani, juu ya pikapu, jenereta ilikuwa inanguruma, waya umepita dirishani. Na mbele kabisa, kwenye meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, alikaa Mzee Bartholomeo na soda yake.

Nilivaa sketi ya shule na fulana nyeusi ya Pritesh. Boaz akaninong'oneza, "Wakianza kutoka, usiwaangalie. Kwetu ngoma ikishindwa watazamaji huhama wenyewe."

Wimbo wa kwanza walikodoa macho tu. Mchimbaji mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mtoto anaumwa, mpeni maji." Watu wakacheka. Msichana mmoja aliziba masikio na hakutoka. Wimbo wa pili Boaz akaongeza mwendo, miguu yote miwili kwenye pipa kubwa, na nikaona mabega ya wachimbaji yanaanza kwenda. Mwendo ule wanaujua. Wanaamka nao na kulala nao. Mmoja akaanza kukanyaga sakafu kwa buti, kisha safu nzima, kisha vumbi likawa linashuka kutoka kwenye dari. Spika iliyochanika ilikuwa inalia upande wake. Hakuna aliyetoka. Nilinguruma mpaka nikasikia ladha ya damu, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba kifua changu kilikuwa na nafasi.

Kisha Boaz akagonga bomba. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya.

Buti zilisimama. Niliwaona wakiangaliana, wale wa duara la chini. Mageni alikuwa karibu na nguzo; akavua kofia. Gitaa likaingia, nikaingia nalo.

Lile jina lilisikika. Mzee Bartholomeo aliinua kichwa. Mara ya pili akatabasamu, akawageukia wa nyuma kuhakikisha wamesikia. Mara ya tatu akainuka. Aliinua mikono miwili kama wafanyavyo matajiri wote, akaja mpaka mbele yangu akicheza kidogo, kwa adabu, akatoa noti akaibandika kwenye paji la uso wangu. Nilikuwa natoka jasho, ikanata. Pale pale nilipokuwa nimepaegemeza kwenye mabati.

"Imba, mwanangu," akasema. "Imba."

Akatoa nyingine.

Nikanyamaza. Boaz aliendelea kidogo, akaacha. Pritesh akaacha. Jenereta tu ilisikika uani.

Niliibandua noti. Mzee Bartholomeo alikuwa bado anatabasamu, mkono hewani. Na mimi, mjinga, nikasema kwenye maikrofoni, "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Herman hakuwa amelewa."

Hakuelewa mara moja. Nikaendelea. Nilisema nimemtaja kwenye wimbo na nitasema maneno yake ili asikie vizuri. Nikasema mstari wa kwanza, bila kunguruma, kama mtu anayesoma darasani: Bartholomeo, rudisha jenereta, maji yamefika kiunoni. Uso wake ukabadilika. Akageuka kwa dereva wake aliyekuwa dirishani, akasema, "Zima."

Ukumbi ukawa giza. Maikrofoni ikafa mkononi mwangu.

Kutoka nyuma mtu akasema, "Dada, huku hatusikii."

Nikavuta pumzi kutoka chini, kule inakotoka ile sauti nyingine, lakini sikunguruma. Nilisema. Nilisema pampu ilihamishwa watu wakiwa chini. Nilisema Mageni aliomba irudi akaambiwa wamalize kwanza. Nilisema ada yangu imelipwa, ya kwangu, nimeipokea, risiti ninayo. Nilisema waligonga mara tatu wakanyamaza, mpaka alfajiri, na kila aliyekuwa machimboni alisikia na hata sasa anaogopa. Sauti yangu ilifika ukutani ikarudi. Niliisikia mwenyewe.

Boaz akagonga bomba. Mara tatu.

Tochi ya kwanza ikawaka. Ilikuwa ya Mageni, juu ya kichwa chake, na ilikuwa inamwangalia Mzee Bartholomeo. "Mimi ndiye nilikuwa kwenye kamba," akasema. "Anasema kweli." Ikawaka nyingine. Kisha nyingi. Wote walikuwa wamemgeukia yeye, na yeye alikuwa ameinua kiganja kukinga macho, noti ya pili bado iko kwenye vidole.

"Vijana, haya mambo tutayaongea ofisini," akasema. "Huyu ni mtoto, ana uchungu. Mimi ndiye ninayemsomesha."

Watu wakapisha njia. Mama aliingia na ndoo yake ya maandazi. Aliiweka chini. Hakuinama. Hakumwamkia.

"Jenereta iko juu ya gari," akasema. "Ipeleke duara la chini."

"Mama Herman, mimi na wewe tuliongea."

"Tuliongea. Sasa ipeleke."

Alimtazama Mama kwa muda mrefu, kisha akaangalia tochi. Hakuna aliyemgusa. Dereva wake ndiye aliyekuja mbele, kijana mdogo, akaweka ufunguo wa gari mezani, juu ya kitambaa cheupe, akasema, "Mzee, nisamehe." Wachimbaji wakauchukua, wakatoka. Pritesh alikuwa anakusanya waya. Akanipita akasema, "Ungeniambia," na baadaye, "Hapana, ningekataa." Mzee Mansukhlal akauliza nani atalipa dari.

Noti ile niliirudisha mezani, kando ya soda.

Jumatatu, 2 Februari

Pampu inavuta maji duara la chini tangu jana asubuhi. Mama anapika pale pale kwenye kibanda, hakuna aliyemfukuza, labda kwa sababu hakuna aliyethubutu. Wachimbaji hawaniiti shemeji. Wananiita Melania.

Jumatano, 4 Februari

Mkuu wa shule ameniita. Mfadhili wangu ameandika kwamba amejitoa, na ameomba arudishiwe fedha ya muhula huu. Mkuu alisema anasikitika. Nikauliza kama naweza kubaki mpaka mwisho wa wiki kwa ajili ya kipindi cha kemia. Akasema, "Sema tena, sijakusikia." Nikasema tena. Akakubali.

Ijumaa, 6 Februari

Mvua haikunyesha leo. Mageni ameteremka mwenyewe kwa kamba, wengine wakashika. Alikaa chini muda mrefu. Aliporudi akamwangalia Mama, akaitikia kwa kichwa. Wote watatu walikuwa pamoja, karibu na bomba.

Jumapili, 8 Februari

Tumemzika Herman leo Nyahanga. Walimpandisha jana jioni amefungwa kwenye turubai, Mama akavua kitenge chake cha juu akakiweka juu ya turubai, akabaki na gauni. Hatukufungua. Mzee Bartholomeo hakuja. Wanasema amekwenda Shinyanga, kwa ndugu zake wa Ngokolo, na wengine wanasema atarudi na polisi. Mageni amesema wakija atawapeleka mpaka kwenye bomba.

Makaburini, katekista alipomaliza sala, akauliza nani atasoma wasifu wa marehemu. Mjomba alikuwa amejiandaa. Mama akamshika mkono, akaniangalia mimi.

Nilisimama juu ya udongo. Boaz na Pritesh walikuwa nyuma, Pritesh amevaa shati la dukani lenye doa la kutu begani. Nikaanza: jina lake Herman, alizaliwa Kahama, alikuwa na vidonda vya tumbo, hakunywa pombe.

Bibi mmoja wa nyuma akasema hasikii.

Nikaanza upya, tangu jina.